HERUFI NDOGO KWENYE PENI YA ZAMANI

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kaa, redio iko mahali ambapo kila mtu anaisikia, na kila mmoja amefungua ukurasa huu. Mwenye miwani na aivae, kwa sababu leo tutasoma maandishi madogo kuliko yote tuliyosoma tangu tulipoanza.

Juma lililopita niliwaombeni mtafute nyumbani sarafu ya zamani. Nilisema mtazame ndani ya kopo la vifungo, chini ya sanduku, na katika pindo la kanga ya bibi. Najua wengine wamepata na wengine hawakupata. Aliyekosa asogee karibu na aliyepata. Sarafu moja yawatosha watu wanne, mradi msiinyang'anyane.

Leo hatusomi neno wala sentensi. Tunasoma herufi moja, au mbili tu.

(Mwalimu aandike ubaoni kwa herufi kubwa, kila moja mbali na mwenzake: H, KN, I, SA, A, J, T. Darasa lizisome kwa sauti mara mbili.)

Kwanza nitawaeleza kwa nini nimechagua somo hili. Nilitembelea darasa moja katika mkoa wa Tabora. Baada ya masomo, mama mmoja, mjane, alinifuata nje na kopo la maziwa mkononi. Ndani yake mlikuwa na sarafu za zamani thelathini na kitu, alizoachiwa na baba mkwe wake. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amepita kijijini kwao na mzani wake. Alilipima lile kopo kama anavyopima sufuria zilizotoboka, akataja bei ya shaba kwa kilo. Sarafu hazikufika hata kilo moja. Fedha ile ingetosha sukari na sabuni basi. Mnunuzi alisema atarudi siku ya Jumamosi.

Mama yule alikuwa na wajukuu wawili waliotakiwa shuleni, na sare hawana. Alikuwa tayari kuuza. Lakini alikuwa amekaa darasani miezi minane, na mtu aliyejifunza kusoma hawezi tena kutazama maandishi akayapita. Alichukua sarafu moja, akaielekeza kwenye mwanga, akaniuliza: "Mwalimu, hii T ni T ya Tabora?"

Nilimjibu kwamba sina hakika, nitauliza. Hilo ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo siku ile. Nikamwomba asiuze kabla sijarudi. Haya ninayowaeleza leo ndiyo niliyojifunza kwa ajili ya swali lake.

Basi tuanze. Sarafu haizaliwi benki. Hupigwa kiwandani. Kipande cha chuma cha mviringo huwekwa kati ya mihuri miwili migumu, mmoja juu na mmoja chini, kisha mashine hugandamiza kwa nguvu. Picha na maandishi huinuka pande zote mbili kwa pigo moja. Serikali yenye kazi nyingi huweza kuvipa viwanda viwili au vitatu kazi ileile, katika mwaka uleule. Ili ijulikane kiwanda kipi kimepiga ipi, kila kiwanda huweka herufi yake ndogo. Mfinyanzi naye huweza kuacha alama yake kwenye kitako cha chungu. Herufi hiyo tutaiita alama ya kiwanda.

Sasa shikeni peni. Wengi wenu mnaijua: ni senti kumi ya shaba yenye tundu katikati, ile iliyotumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Wazee watakumbuka jinsi zilivyotungwa katika uzi kama samaki. Fedha zile zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1919. Nchi zetu zilipata fedha zao wenyewe mwaka 1966, na zile za Bodi zikaacha kuwa fedha halali mwaka 1969. Kwa hiyo peni hiyo hainunui kitu dukani. Thamani yake sasa ni ile ambayo mtu anayekusanya sarafu yuko tayari kuitoa.

Upande mmoja kuna taji na jina la mfalme. Hapo msishangae. Mtaona GEORGIVS, au EDWARDVS. Ile V katikati ya jina inasomwa kama U. Ni Kilatini, lugha ya zamani sana, nao walipenda kuandika hivyo. Msifikiri kwamba mmesahau kusoma.

Geuzeni upande wa pili. Mnaona pembe mbili za ndovu, moja kila upande wa tundu. Kuna maneno EAST AFRICA, maana yake Afrika Mashariki, na kuna mwaka. Soma mwaka kwanza. Kisha zungusha macho polepole upande huohuo wa pembe. Je, kuna herufi ndogo iliyosimama peke yake?

(Nyamaza kidogo. Wanafunzi watazame. Asaidiwe asiyeona vizuri, lakini asisomewe.)

Ukiona H, peni yako ilipigwa Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza, katika kiwanda cha ukoo wa Heaton. Herufi H ni ya jina hilo. Ukiona KN, ilitoka katika kampuni ya King's Norton, huko huko Birmingham. Usipoona herufi yoyote, usiseme sarafu yako ina kasoro. Kiwanda cha Serikali cha London hakikuweka herufi kwenye peni hizi. Kutokuwa na alama ni alama pia.

H hiyo ni mgeni wa siku nyingi pwani kwetu. Iko kwenye baadhi ya pesa za shaba zilizopigwa mwaka 1888 kwa ajili ya kampuni ya Waingereza iliyokuwa Mombasa. Nyingine za mwaka huohuo zina C na M, kwa kuwa zilipigwa Calcutta, India. Zote mbili zina neno MOMBASA, na mtu asiyetazama herufi ataapa kwamba ni kitu kimoja.

Aliye na peni ya vita asome I au SA. Wakati wa Vita vya Pili bahari ilikuwa na hatari, na viwanda vya Uingereza vilikuwa na kazi za vita. Kwa hiyo baadhi ya peni zetu zilipigwa kwingine. Zile za mwaka 1941 na 1942 zenye I zilipigwa Bombay, India. Zile za 1943 na 1945 zenye SA zilipigwa Pretoria, Afrika ya Kusini. Kipande kidogo namna hii, na kimekuandikia njia kiliyopita.

Sasa nakuja kwenye jambo linalowapoteza wengi: thamani. Hapa nataka mnisikilize sana.

Chukueni peni ya mwaka 1936 yenye jina EDWARDVS VIII. Huyu ni Mfalme Edward wa Nane. Alitawala tangu Januari 1936, akaacha kiti mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Kwao Uingereza, fedha zenye kichwa chake hazikuwahi kutolewa kwa watu wote; zilizopo ni chache mno na bei yake ni ya kutisha. Lakini peni yetu ilikuwa na tundu mahali ambapo kichwa kingekaa. Haikuhitaji picha yake, ilihitaji jina tu. Kwa hiyo ilipigwa na ikaja huku. Ipo bila herufi, ipo yenye H, na ipo yenye KN.

Mtu akisikia habari hiyo huruka. "Mfalme wa miezi kumi na moja! Basi mimi ni tajiri!" La, ndugu yangu, kaa chini. Peni hizo zilipigwa kwa mamilioni, na zimebaki nyingi sana. Iliyochakaa hupata fedha ya soda, au soda mbili. Habari yake ni nzuri, na bei yake ni ndogo. Mambo haya mawili yanaweza kukaa katika sarafu moja.

Kwa hiyo herufi peke yake haiongezi bei. Ukitaka kujua thamani, uliza maswali matatu. Zilipigwa ngapi zenye mwaka huo na herufi hiyo? Hii yangu imechakaa kiasi gani? Na je, kuna watu wanaoitafuta? Swali la tatu watu hulisahau. Kitu kinaweza kuwa kimoja tu duniani na asitokee mnunuzi.

Nitatoa mfano wa peni za Waingereza wenyewe, maana viwanda ni vilevile viwili tulivyovitaja. Kuna peni kubwa ya shaba ya Uingereza, isiyo na tundu, ambayo wengine wetu tumeiona kwa mabaharia na kwa askari wa zamani. Upande mmoja kuna mwanamke ameketi, ameshika mkuki wa ncha tatu. Chini yake kuna mwaka. Peni za 1918 na 1919 nyingi hazina herufi, na hizo hazina bei. Lakini chache zina H, kushoto kwa mwaka, na nyingine zina KN mahali hapohapo. Hizo hutafutwa, na KN hutafutwa zaidi ya H kwa sababu hupatikana kwa shida. Na ikiwa haikuchakaa, bei hupanda mara nyingi sana. Hapo mnaona maswali yote matatu yakijibiwa kwa pamoja.

Sasa weka peni kando. Nani analo lile vuguvugu la hela ya Mjerumani?

Mnacheka. Lakini neno hela tunalisema kila siku. "Sina hela." "Nipe hela." Neno hilo ni jina la sarafu. Kabla ya mwaka 1904, katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, rupia moja ilikuwa na pesa 64. Na pesa ni neno lililotufikia kutoka India. Mwaka 1904 Wajerumani waligawa rupia upya, ikawa na vipande 100, na kila kipande kikaitwa Heller. Sisi tukasema hela. Wajerumani walikwenda zao, sarafu ikafa, na jina likabaki mdomoni mwetu mpaka leo.

Hela moja ni ya shaba nyekundu. Upande mmoja ina taji, maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, na mwaka. Upande wa pili ina tarakimu 1 na neno HELLER, vikiwa ndani ya mviringo wa majani. Tazama chini ya neno HELLER. Herufi A ni ya Berlin. Herufi J ni ya Hamburg. Huko Ujerumani kila kiwanda kina herufi yake, na A na J zinatumika hata sasa kwenye fedha zao.

Hela moja zipo nyingi. Hasa zile za 1907 na 1908 zenye J ziliingia nchini kwa mamilioni, na ndizo zinazookotwa mashambani mvua ikinyesha. Mwenye kuzipata ajue bei yake si kubwa. Lakini iko na nusu hela, ndogo, yenye tarakimu 1 juu ya 2. Nusu hela za 1904 na 1905 ni za kawaida. Nusu hela ya 1906 yenye J zilipigwa elfu chache tu. Mtu mwenye kopo lenye nusu hela ishirini akiangalia mwaka na herufi kwa dakika kumi, hatapoteza kitu. Akiuza kopo zima kwa kilo, hatajua kamwe alichouza.

Tumefika kwenye T.

Vita vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliziba bahari. Hapakuwa na meli ya kuleta fedha kutoka Berlin wala Hamburg. Askari walitaka mishahara, wapagazi walitaka malipo, na wauza mtama sokoni hawakupenda karatasi. Basi mwaka 1916 Wajerumani wakaamua kupiga sarafu papa hapa, katika karakana ya reli, Tabora. Mashine hazikuwa za kazi hiyo. Chuma kilikuwa cha kuokoteza, pamoja na maganda ya risasi na mizinga. Kazi ilidumu miezi michache tu, kwa sababu Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mjini.

Kwa hiyo, naam, T ile ni T ya Tabora. Mama yule alisoma sawasawa.

Zipo hela 5 na hela 20 za Tabora. Zina taji, mwaka 1916, herufi D.O.A., na T. Hela 5 ni ya shaba ya manjano. Hela 20 zipo za manjano, na zipo za shaba nyekundu. Mara nyingi utaziona zimepigwa upande, au picha imefifia kama muhuri uliokosa wino. Hilo si kosa lako wala si uchakavu. Zilitoka karakana zikiwa hivyo.

Na kwa sababu mihuri ilitengenezwa kwa mkono na kwa haraka, haikufanana. Wakusanyaji huzitenga hela 20 hivi. Kwanza hutazama taji: kuna taji kubwa na kuna taji dogo. Kisha hugeuza na kutazama zile L mbili za neno HELLER. Katika nyingine miguu ya L zote mbili imechongoka. Katika nyingine miguu yote miwili imejikunja. Na katika nyingine ni L ya pili tu iliyojikunja. Sisi tulipokuwa tukijifunza kuandika L, nani alifikiri kwamba mguu wa L waweza kubadili bei?

(Mwalimu achore ubaoni L mbili zenye mguu uliochongoka, na chini yake L mbili zenye mguu uliojikunja. Darasa lieleze tofauti kwa maneno yao.)

Hela 20 ya Tabora inayosomeka vizuri hupata makumi ya dola za Kimarekani kwa mtu anayekusanya. Si mamilioni ya shilingi. Narudia: si mamilioni. Yapo maneno mengi mitaani juu ya hela za Mjerumani, kwamba zina dawa ndani, kwamba zina nguvu, kwamba kuna tajiri mahali fulani anazitafuta kwa bei ya nyumba. Kisha anatokea mtu anasema, "Nitakupeleka kwa tajiri, lakini kwanza utoe fedha ya kupima." Mtu akitaka utoe fedha ili akununulie kitu chako, ondoka. Mnunuzi ndiye anayetoa fedha.

Kuna sarafu moja ya Tabora yenye bei kubwa kweli. Ni rupia 15 ya dhahabu, ya mwaka 1916, yenye picha ya tembo mbele ya mlima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa 16,000 hivi, na huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa ajili hiyo ndiyo inayoigwa kuliko zote. Ya kweli ina uzito wa gramu 7 na kidogo. Ya kuiga ya shaba, ikiwa na ukubwa uleule, itakuwa nyepesi. Mwenye mzani mdogo wa sonara aweza kukuonyesha mara moja. Mimi sijapata kuona ya kweli mkononi mwa mwanakijiji, ila za shaba nimeletewa mbili.

Sasa nina aibu kidogo ya kuwasimulia. Bibi yangu alinipa hela 20 nilipomaliza chuo. Ilikuwa nyeusi, na mimi nikaona haya kuwa na kitu kichafu. Nikachukua limau na majivu, nikaisugua mpaka ikang'aa kama kijiko kipya. Nilifurahi sana. Baadaye nilimwonyesha mtu anayejua mambo hayo. Aliitazama, akanirudishia bila kusema kitu. Kisha akasema, "Ulikuwa na sarafu." Ule weusi ndio uliokuwa ngozi yake. Nilipousugua, nilisugua na ncha za herufi, na T imebaki kama kivuli. Bado ninayo. Siiuzi, na hata ningetaka, nani angeinunua?

Basi msisugue. Msitie limau, wala ukwaju, wala majivu, wala dawa ya kung'arisha vyombo. Msitoboe ili kuvaa shingoni. Ikiwa na udongo, iloweke katika maji safi, kisha ipanguse kwa kitambaa laini bila kukaza mkono. Ishike pembeni, kama unavyoshika yai la moto. Na kila moja ikae katika kikaratasi chake, isigongane na nyingine.

Ukitaka kujua bei, usimwulize mnunuzi mmoja peke yake. Uliza wawili au watatu, na usiuze siku ileile. Mjukuu mwenye simu akikuonyesha bei za mtandaoni, mwambie atafute sarafu zilizokwisha kuuzwa. Bei anayoomba muuzaji ni ndoto yake. Bei iliyolipwa ndiyo habari. Na mtu akikuletea peni yenye herufi adimu, ipapase kwa ukucha. Herufi ya kweli imeinuka kutoka katika chuma chenyewe. Ya kubandikwa huacha ukingo, na palipokwanguliwa huacha mkwaruzo.

Kuna jambo la sheria pia, kwa ndugu zetu wa Kilwa na visiwa vyake. Huko ardhini hutoka vipande vidogo vya shaba vyenye maandishi ya Kiarabu, vilivyopigwa na masultani wa Kilwa mamia ya miaka kabla ya Mreno kufika. Hivyo havina alama ya kiwanda na wala havihusiani na somo la leo, lakini najua mtaviona. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Si vya kuuza. Ukiviokota, toa habari kwa ofisi ya mambo ya kale au kwa makumbusho.

Mtataka kujua habari za mama wa kopo la maziwa. Nilirudi siku ya Ijumaa, nikamkuta amekwisha zipanga sarafu zote juu ya mkeka, kwa mwaka na kwa herufi, na amechora msitari wa mkaa kati ya fungu na fungu. Alikuwa hajui bado herufi hizo ni za nani, lakini alizitenga. Peni na ndururu zilikuwa nyingi, zote za kawaida. Hela moja zilikuwa kumi na moja, zote za J. Na zenye T zilikuwa tatu, mbili za manjano na moja nyekundu.

Jumamosi mnunuzi alikuja na mzani wake, akaambiwa kopo haliuzwi. Sisemi kwamba alikuwa mwizi. Huenda na yeye alikuwa hajapata kuisoma ile T; kwake shaba ni shaba. Baada ya mwezi, zile mbili za manjano zilinunuliwa na mtu wa mjini anayekusanya, naye alizilipa mbele ya mwanawe na mbele ya mwalimu wa darasa. Zilipatikana sare mbili, daftari, na viatu vya mmoja. Viatu vya pili vilingoja mavuno ya karanga.

Ile nyekundu hakuiuza. Nilimwuliza kwa nini, maana ndiyo iliyokuwa ikisomeka vizuri kuliko zote. Akanijibu kwamba baba mkwe wake alizoea kuishika jioni, akiisugua kwa kidole gumba, na wala hakujua kusoma. "Sasa mimi naijua inasema nini," akasema, "nami bado sijamaliza kuisoma."

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mtu achukue sarafu moja, ya zamani au ya sasa. Aandike katika daftari lake mistari minne. Mstari wa kwanza: jina la nchi kama lilivyoandikwa. Mstari wa pili: mwaka. Mstari wa tatu: herufi ya kiwanda, na kama hakuna, aandike neno "hakuna". Mstari wa nne: aliipata wapi, au aliachiwa na nani. Mstari huo wa nne msiufupishe.

Mwalimu wa darasa akusanye daftari, asikusanye sarafu. Kila mtu arudi nyumbani na yake.

Juma lijalo tutasoma hati ya kupokea fedha, nayo ina maandishi madogo vilevile. Kwaherini.